Chakula cha jioni kabla mtoto hajalala: mapishi ya haraka kwa familia za Karagwe na Kyerwa

Je, mtoto wako mdogo hulala kabla chakula cha jioni hakijaiva?

Kama jibu ni ndiyo, hauko peke yako. Jioni nyingi Karagwe na Kyerwa huenda hivi: mama anarudi kutoka shambani, sokoni au kazini saa 11 au 12. Maji hayajatekwa, kuni hazijapasuliwa, ndizi bado ziko na maganda na maharage ndiyo kwanza yanaingia kwenye sufuria. Huku kwetu jua huzama karibu saa 1 jioni. Chakula kinapakuliwa saa 3 usiku. Watu wazima wanakula na kushiba. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alishalala tangu saa 1:30, akiwa amepewa ndizi mbivu au kikombe cha chai ya rangi ili atulie. Wakimwamsha, anakula vijiko viwili kwa usingizi, kisha analala tena.

Jambo hili likitokea siku moja, halina madhara makubwa. Likitokea kila siku, mtoto anakosa mlo mmoja mkubwa kila siku, tena ule mlo ambao ndani yake kulikuwa na maharage, mboga na mafuta. Ndiyo maana tunazungumzia mapishi ya haraka. Lengo ni chakula cha kujenga mwili kimfikie mtoto kabla usingizi haujamchukua. Mama kupumzika mapema ni faida ya pili, nayo si ndogo.

Makala haya ni kwa mama, baba, bibi anayelea wajukuu, shangazi, dada wa nyumbani, na yeyote anayeshika mwiko jioni.

Tuna chakula, kwa nini watoto wanadumaa?

Kagera si mkoa wa njaa. Migomba ipo, maharage yapo, mahindi, mihogo, viazi vitamu, maparachichi na maziwa vipo. Hata hivyo, kwa miaka mingi Kagera imekuwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Udumavu maana yake ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya kukosa lishe bora kwa muda mrefu au kuugua mara kwa mara. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa watoto 34 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha wamepungua hadi 30 kati ya 100, lakini Kagera bado ilikuwa juu ya wastani huo.

Sehemu ya jibu iko kwenye sahani. Ndizi ya kupika ni chakula kizuri cha kutia nguvu, lakini sehemu yake kubwa ni maji na wanga. Protini yake ni kidogo sana, na madini ya chuma ni kidogo. Mtu mzima akila sahani kubwa ya ebitoke pamoja na maharage, anapata kiasi cha kutosha. Mtoto hawezi. Tumbo la mtoto wa miezi 8 linabeba chakula kisichozidi kikombe kimoja cha chai. Likijazwa ndizi tupu, limejaa. Hakuna nafasi tena ya maharage wala dagaa. Mtoto anaonekana ameshiba, tumbo limetuna, lakini mwili wake haukupata vifaa vya kujengea mifupa, damu na ubongo.

Hali ni ileile kwa ugali mtupu. Familia nyingi zililazimika kula ugali na mihogo zaidi baada ya mnyauko wa migomba kuingia mkoani katikati ya miaka ya 2000. Aina ya chakula cha kushibisha ilibadilika, lakini kanuni haikubadilika. Chakula cha kushibisha hakitoshi bila cha kujenga.

Sahani ya jioni iwe na nini?

Huhitaji kununua vyakula vya dukani. Jaribu kuhakikisha kwamba kila jioni sahani ya mtoto ina vitu hivi:

- Kitu cha kutia nguvu: ndizi, viazi, ugali, wali au mihogo.
- Kitu cha kujenga mwili: maharage, njegere, karanga, dagaa, yai, maziwa au nyama.
- Mboga ya majani au yenye rangi: mchicha, majani ya maboga, majani ya maharage, kisamvu, mnavu, karoti au boga.
- Mafuta kidogo: kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia au samli, karanga za kusaga, au robo ya parachichi.
- Tunda, kama lipo: papai, chungwa, pera, nanasi, embe au pasheni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale vyakula kutoka angalau makundi 5 kati ya 8 kila siku, na maziwa ya mama ni kundi mojawapo. Kwa hiyo mama anayenyonyesha tayari ana kundi moja. Ndizi ni la pili, maharage ni la tatu. Fungu la mchicha na yai au dagaa vinakamilisha matano.

Mambo matatu yanayookoa muda

Mapishi ya haraka hayaanzii jikoni jioni. Yanaanza asubuhi, na mengine Jumamosi.

1. Loweka maharage asubuhi

Sehemu kubwa ya Karagwe na Kyerwa iko juu ya vilima. Mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo sababu maharage huku huchukua muda mrefu kuiva kuliko pwani, na kuni nyingi huteketea.

Kabla ya kutoka nyumbani asubuhi, chagua maharage, yaoshe na uyaloweke katika maji mengi, angalau mara tatu ya wingi wake. Funika. Ukirudi jioni, mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya na uchemshe. Maharage mapya yaliyolowekwa kutwa nzima mara nyingi huiva kwa dakika 45 hadi 60, badala ya saa 2 au zaidi. Kumwaga maji ya kulowekea kunapunguza gesi tumboni na pia kunapunguza vitu vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Maharage lazima yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 za mwanzo, kisha yaendelee hadi yawe laini kabisa. Maharage yasiyoiva vizuri, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha.

Je, magadi? Ni kweli magadi hulainisha maharage haraka, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Kulowekea kunafanya kazi hiyohiyo bila hasara.

2. Tengeneza unga wa akiba Jumamosi

Unga wa dagaa. Chukua dagaa wakavu wa Ziwa Victoria. Ondoa mchanga na takataka, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu, kisha waanike hadi wakauke kabisa. Wakaange bila mafuta kwa moto mdogo kwa dakika 5 hadi 10 wawe wakavu wa kuvunjika. Twanga kwenye kinu, chekecha, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Tengeneza kiasi cha wiki moja au mbili tu. Ukinusa harufu ya kuchacha au ukaona ukungu, tupa.

Unga wa maharage yaliyopikwa. Pika maharage yaliyolowekwa hadi yaive kabisa, bila chumvi wala mafuta. Chuja, yatandaze kwenye chekecheo au mkeka safi juu ya kichanja, funika kwa chandarua au kitambaa chepesi kuzuia nzi, na uyaanike hadi yawe makavu ya kugonga. Hii inaweza kuchukua siku mbili au tatu zenye jua. Wakati wa mvua nyingi usijaribu, kwa sababu yatachacha kabla hayajakauka. Yakikauka, yasage au uyatwange. Unga huu unaiva tena kwa dakika 15 tu, kwa sababu maharage yake yalishapikwa.

Karanga. Chambua kwanza. Tupa karanga zote zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kaanga karanga nzuri, menya, saga au twanga.

Msimu wa senene, hasa Novemba na Desemba, usiwauze wote. Senene wana protini na mafuta kwa wingi. Waondoe mabawa na miguu, wakaange hadi wakauke, watwange, na utumie kama unga wa dagaa.

3. Menya na kata mapema, kata vidogo

Ndizi zinaweza kumenywa mchana na mtu aliyeko nyumbani, zikawekwa kwenye maji safi ili zisiwe nyeusi, na kufunikwa. Wakati wa kupika, zikate vipande vidogo badala ya kuzipika nzima. Kipande kidogo huiva haraka na hula kuni chache. Ndizi za kufunikwa na majani na kuivishwa kwa mvuke ni tamu, lakini ziache kwa siku ambayo kuna muda.

Milo mitano ya jioni

Vipimo hivi ni vya familia ya watu 5 au 6. Ongeza au punguza kulingana na watu wako.

Mlo wa 1: Ndizi kwa unga wa dagaa na karanga (dakika 35 hadi 40)

Mahitaji: ndizi za kupika 15 hadi 20, kitunguu 1, nyanya 2, karanga za kusaga nusu kikombe, unga wa dagaa vijiko 4 vya chakula, fungu 1 la mchicha, mafuta vijiko 2 vya chakula, chumvi kidogo yenye madini joto.

Kata ndizi vipande vidogo. Weka kwenye sufuria pamoja na kitunguu, nyanya, mafuta na maji yanayofikia usawa wa ndizi. Funika, chemsha kwa dakika 20. Koroga karanga kwa maji ya uvuguvugu kwenye bakuli hadi ziwe kama uji mzito, kisha mimina kwenye sufuria. Tia unga wa dagaa. Punguza moto, pika dakika 10 ukikoroga ili zisishike chini. Weka mchicha uliooshwa na kukatwa, pika dakika 5. Tia chumvi mwishoni.

Kwa mtoto: ponda vizuri kwa kijiko. Kwa kuwa dagaa na karanga vimesagwa, vimeshachanganyika na ndizi; mtoto hawezi kuchagua ndizi na kuacha dagaa.

Mlo wa 2: Ndizi na maharage, sufuria moja (saa 1 na dakika 20)

Mahitaji: maharage vikombe 2 yaliyolowekwa tangu asubuhi, ndizi 12 hadi 15, kitunguu 1, nyanya 2, karoti 1 au kipande cha boga, mafuta vijiko 2, mboga ya majani.

Huu ndio mlo wetu wa kila siku, na unawezekana kabla ya saa 1 ikiwa maharage yalilowekwa. Chemsha maharage kwanza hadi yawe laini. Ndipo uongeze ndizi, kitunguu, nyanya, karoti na mafuta. Pika dakika 20 hadi 25, weka mboga za majani mwishoni. Wakati wa maharage mabichi shambani, huhitaji kuloweka, na muda unapungua zaidi.

Kwa mtoto: hapa ndipo kosa hufanyika mara nyingi. Mtoto hupewa ndizi na mchuzi, maharage hubaki kwa wakubwa. Mchuzi una ladha ya maharage lakini hauna maharage. Kwa kila vijiko viwili vya ndizi, mwekee angalau kijiko kimoja cha maharage yaliyopondwa. Kwa mtoto wa chini ya miezi 9, chuja maganda.

Mlo wa 3: Viazi lishe, mayai na majani ya maboga (dakika 35)

Mahitaji: viazi vitamu 6 hadi 8 (vile vya rangi ya chungwa ndani ni bora zaidi, kwa kuwa vina vitamini A kwa wingi), mayai 4, majani ya maboga fungu 1, kitunguu 1, nyanya 2, mafuta vijiko 2.

Osha viazi, kata vipande, chemsha na maganda yake kwa dakika 20 hadi 25. Wakati vinachemka, menya nyuzi za majani ya maboga, yaoshe, yakate. Kaanga kitunguu na nyanya, weka majani, funika dakika 7. Pasua mayai, koroga, mimina juu ya mboga, pika hadi yagande kabisa.

Kwa mtoto: ponda kiazi kilichomenywa pamoja na yai na mboga. Mtoto anaweza kula yai lote, kiini na ute, kuanzia miezi 6, mradi limeiva. Wapo wanaosema yai humchelewesha mtoto kuongea. Si kweli.

Mlo wa 4: Ugali, mchuzi wa unga wa maharage na parachichi (dakika 30)

Mahitaji: unga wa mahindi, unga wa maharage yaliyopikwa kikombe 1, kitunguu 1, nyanya 3, mafuta vijiko 2, parachichi 1 kubwa, mboga ya majani yoyote.

Kaanga kitunguu na nyanya. Koroga unga wa maharage kwa maji baridi usiwe na madonge, mimina, ongeza maji vikombe 3 hadi 4, chemsha dakika 15 ukikoroga mara kwa mara. Mboga ziingie dakika 5 za mwisho. Songa ugali kwenye figa jingine au baada ya mchuzi kuiva.

Kwa mtoto: ugali kidogo laini, mchuzi mzito mwingi, na robo ya parachichi iliyopondwa juu yake. Parachichi ni mafuta mazuri, na mafuta husaidia mwili kutumia vitamini A iliyomo kwenye mboga.

Mlo wa 5: Jioni iliyoharibika (dakika 15)

Kuna jioni mvua inanyesha, kuni ni mbichi, umetoka msibani au mtoto mwingine anaumwa. Usijilaumu. Mpe mdogo chakula chake kwanza: chemsha yai moja kwa dakika 10, liponde pamoja na ndizi mbivu na robo ya parachichi. Kama kuna maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na mtoto amefikisha mwaka mmoja, mpe kikombe. Mlo huu ni mdogo, lakini una cha kutia nguvu, cha kujenga na mafuta. Unamzidi mbali mtoto aliyelala na chai.

Mtoto ale kiasi gani?

- Miezi 6 hadi 8: anza na vijiko 2 au 3 vya chakula, ongeza taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Mara 2 hadi 3 kwa siku.
- Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe, mara 3 hadi 4 kwa siku.
- Miezi 12 hadi 23: robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara 3 hadi 4 kwa siku, na asusa kama tunda kati ya milo.

Endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Kabla ya miezi 6 mtoto apate maziwa ya mama pekee.

Mpe sahani yake mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akila sinia moja na kaka zake wa miaka 7 na 9, atamaliza tonge mbili wakati wao wamemaliza sinia. Ukiwa na bakuli lake, unaona amekula kiasi gani.

Mila ya kumsubiri baba ili familia ile pamoja ni nzuri, nayo inaleta upendo nyumbani. Lakini mtoto wa chini ya miaka 5 asisubiri. Mchotee chakula kinapoiva tu, kabla ya kutia pilipili. Akiwa bado macho baba anaporudi, atakaa naye mezani na kuonja tena. Na baba anayefika mapema anaweza kuteka maji, kupasua kuni au kumlisha mtoto mama akimalizia kupika. Dakika 20 za msaada wake ndizo mara nyingi zinazotenganisha mtoto aliyekula na mtoto aliyelala.

Chai na kahawa visikae na chakula

Karagwe ni nchi ya kahawa, na chai ya rangi haikosi nyumbani. Lakini chai na kahawa vikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Mtoto mdogo asipewe kabisa. Mama mjamzito au anayenyonyesha anywe saa moja au zaidi baada ya kula. Badala yake, kamulia limau kwenye mboga au maharage yakiwa sahanini, au mpe mtoto kipande cha papai, chungwa au pera. Vitamini C ya matunda husaidia madini ya chuma kuingia mwilini.

Usalama jikoni

- Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kupika na kabla ya kumlisha mtoto. Mnawishe na yeye.
- Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kama huna jokofu, pika kinachotosha jioni hiyo. Watu wazima wakila kiporo asubuhi, kichemshwe hadi kitokote. Mtoto wa chini ya miaka 2 apikiwe kipya.
- Usimpe mtoto mdogo karanga nzima. Zinaweza kumkaba. Zisagwe.
- Usimpe asali mtoto wa chini ya mwaka mmoja.
- Chemsha maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi kabla ya kunywa.
- Usimwachie mtoto mwenye umri mdogo kazi ya kuinjika sufuria ya maharage peke yake. Kuungua jikoni hutokea haraka.

Maswali ambayo walezi huuliza

Leo nina ndizi tu, na pesa sina. Nifanyeje?

Zunguka shamba kwanza. Majani ya maharage machanga, majani ya maboga, mchicha unaojiotea kati ya migomba na mnavu havihitaji pesa. Ongeza parachichi kama mti upo kwako au kwa jirani. Kesho, fikiria kuuza mkungu mmoja na kununua dagaa. Kikombe cha dagaa kikisagwa kinatumika siku nyingi kwa mtoto, kwa sababu kijiko kimoja cha chai kwa kila mlo kinatosha kuanzia. Kuku wawili watatu wa kienyeji ni akiba nzuri pia, mradi mayai yasiishie sokoni yote. Amueni nyumbani kwamba mayai mawili au matatu kwa wiki ni ya mtoto.

Mtoto anakataa mboga na dagaa.

Endelea kumpa kidogo kidogo. Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kipya mara nyingi kabla ya kukizoea. Changanya na kile anachokipenda. Mlishe kwa subira, mwangalie, zungumza naye. Usimlazimishe wala kumziba pua, kwa sababu anaweza kupaliwa.

Mimi ni bibi, nina nguvu kidogo na wajukuu wanne.

Anza na jambo moja tu, kuloweka maharage asubuhi. Likizoeleka, ongeza kopo la unga wa dagaa. Wajukuu wakubwa wachambue karanga na wachume mboga wakitoka shule.

Mtoto akiumwa na hataki kula?

Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe chakula laini kidogo kidogo. Akipona, mwongezee mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili ili arudishe uzito aliopoteza.

Lini umpeleke kituo cha afya?

Mpeleke mtoto kliniki kila mwezi akapimwe uzito na urefu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyepo kijijini anaweza kumpima mzunguko wa mkono kwa utepe wenye rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali.

Usisubiri siku ya kliniki kama mtoto:

- amevimba miguu yote miwili, na ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo;
- amekonda sana, mbavu zinaonekana;
- hawezi kula au kunyonya, au anatapika kila kitu;
- anaharisha kwa muda mrefu au kuna damu kwenye choo;
- amelegea, hachezi, haitiki.

Mpeleke zahanati au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo. Mapishi ya nyumbani hayatibu utapiamlo mkali, yanauzuia.

Anza leo

Usijaribu mambo yote kwa wiki moja. Kesho asubuhi, kabla hujafunga mlango, loweka vikombe viwili vya maharage na ufunike. Jioni tazama saa chakula kinapoiva, na tazama kama mtoto bado yuko macho. Chukua bakuli lake, mpondee maharage yenyewe badala ya mchuzi tu, ongeza kijiko cha mafuta au kipande cha parachichi, kaa naye hadi amalize. Kisha endelea na familia.

Kama ulifanikiwa siku moja, utaweza mara tatu kwa wiki. Na jirani yako ambaye mtoto wake hulala saa 1:30 bila kula, mweleze.